Baiskeli ya Korongo

Wiki iliyopita tuliahidi kuendelea na mazungumzo yetu ya matumizi ya nyumbani, na karatasi zake tulikwisha kuziandaa. Twaomba radhi. Siku nne hizi mikono yetu haikushika kalamu. Ilishika nyundo, tupa na grisi, na hata tunapoandika haya weusi haujatoka kuchani. Kisa ni baiskeli. Na kwa kuwa mtaani kwetu twazijua baiskeli kuukuu tatu zilizolazwa ukutani zikila kutu kwa maradhi haya haya, tumeona matumizi ya nyumbani yangoje kidogo.

Baiskeli yenyewe ni Raleigh, katika yale madume meusi ya magurudumu ya inchi 28, ambayo breki zake si za waya bali ni za fito za chuma. Ilitengenezwa Nottingham, Uingereza, na kwenye gia yake ya mbele, ile inayovuta mnyororo, chuma kimekatwa kwa umbo la vichwa vya korongo. Kwetu hatukuijua kwa jina la kampuni. Iliitwa baiskeli ya korongo. Marehemu baba yetu akiipanda kutoka Jomvu alfajiri, akivuka Makupa, akisomesha mjini mchana kutwa, na kurudi nayo jioni. Alipofariki iliangikwa ghalani, ikakaa huko miaka ishirini hivi. Mwaka huu mwana wa dada yetu alipata kibarua cha kupeleka mikate kutoka bekari moja ya Kongowea hadi kwenye maduka ya Kisauni na Mtopanga, sharti awe na chombo chake. Warithi tuliketi, tukaridhia apewe ya babu yake. Tukaishusha, tukaitia tairi mpya na mipira ya ndani, tukaupaka mnyororo mafuta, tukaridhika nafsi zetu. Chini, pale ekseli ya pedali inapopita ndani ya fremu, hatukutazama kabisa.

Haukupita mwezi ila mlio ulianza. Kila pedali ya kushoto iliposhuka, baiskeli ilisema “ko”. Kijana akaenda kwa fundi wa kando ya barabara, na fundi akamwambia maneno ambayo wengi wenu mmeyasikia: mkono wa pedali umelegea, dawa yake ni kuuchomelea kwenye ekseli kwa moto, dakika kumi, kisha hautalegea milele. Mpwa wetu alikuja mbio kutaka pesa za kuchomelea. Tukamwambia hapana.

Hatumlaumu fundi yule. Ana foleni ya watu mbele yake, na mwenye baiskeli aghalabu hutaka kuondoka papo hapo. Na alichosema ni kweli: ukishauchomelea hautalegea. Walakini hautafunguka vilevile, na hapo ndipo baiskeli inapokufa. Mkono wa pedali, ambao mafundi huuita kranki, katika baiskeli hizi za zamani hushikwa kwenye ekseli na pini moja tu ya chuma, kotapini, yenye uso mmoja uliochongwa bapa na mshazari. Pini hiyo ni kabari, sawa na kabari ya seremala. Ekseli nayo huzunguka juu ya gololi zilizomo ndani ya vikombe viwili vya chuma, kimoja kila upande wa fremu. Gololi zataka kusafishwa na kutiwa grisi, na njia ya kuzifikia ni kuuondoa mkono wa pedali. Ukiuchomelea umelifunga kaburi. Grisi itakauka, maji ya mvua na chumvi ya pwani yetu vitaingia, gololi zitakula vikombe, na vikombe vikianza kucheza vitakula hesi za fremu yenyewe. Zaidi ya hayo, vikombe na ekseli ni chuma kilichokomazwa kwa moto na kupozwa kwa kipimo. Moto wa mchomeleaji hukirudisha kuwa laini. Pini, ambayo ni kitu cha bei ndogo mno, imeponywa kwa kuuawa fremu.

Dada yetu hakupendezwa. “Kaka,” alituambia, “hayo ya hesi na grisi mimi siyajui. Nijualo ni kwamba asipokwenda kesho mikate atapewa mwengine.” Neno lake lilikuwa na uzito, nasi hatukuwa na jibu ila kumwahidi kwamba siku atakazokosa tutazilipa sisi. Kijana akapata wa kumshikia zamu kwa siku nne.

Kabla ya kufungua chochote, yafaa kujua kinachougua ni kipi, kwani mlio ni mmoja na maradhi ni mawili. Shika mikono yote miwili ya pedali, mmoja kwa kila kiganja, uitikise. Ikiwa mmoja wacheza na wa pili umetulia, ubaya ni wa pini. Ikiwa yote miwili yacheza pamoja, kulia na kushoto, basi ubaya uko ndani, kwenye vikombe na gololi. Yetu ilikuwa na yote mawili.

Sasa kutoa pini. Hapa ndipo tutakapokaa kidogo, kwa sababu tunayo ya kusema yasiyokuwa ya ufundi. Kwanza nati hulegezwa mpaka iwe sawasawa na ncha ya pini, isitolewe, ili nyundo isiziharibu hesi. Mafuta membamba hutiwa pande zote mbili za pini, yakaachwa usiku kucha yapenye. Kisha, na hili ndilo kubwa, chini ya mkono wa pedali huwekwa kitu kigumu kitakachoubeba: sisi tulikata kipande cha bomba la maji chenye urefu wa kutoka sakafuni hadi kwenye mkono huo, tundu lake likiwa na nafasi ya kutosha kupokea kichwa cha pini kikishuka. Hapo nguvu ya nyundo hupita kwenye mkono, ikaingia katika bomba, ikaishia ardhini. Pigo moja zito lenye shabaha ni bora kuliko mapigo ishirini ya woga, kwani mapigo madogo huipinda ncha ya pini ikavimba tunduni, na baada ya hapo hakuna ila keekee ya kuitoboa.

Na je, ukigonga bila kuweka kitu chini? Pini huenda ikatoka. Lakini pigo lote huwa limebebwa na gololi zilizo upande wa chini wa kikombe, nazo ni ndogo na ngumu kuliko kila kitu, hujichimbia vishimo.

Hayo hatukuyasoma popote. Tulikuwa na umri wa miaka 13 hivi, na pini ya kushoto ya baiskeli hii hii ilikuwa imelegea. Baba alisema tumngojee fundi. Sisi tukataka arudi kutoka msikitini aikute tayari. Tukaigonga na nyundo ya kuvunjia mawe, baiskeli ikiwa imesimama hewani imeshikwa na rafiki yetu, bila ya hata kipande cha ubao chini yake. Pini ilitoka kwa pigo la tano au la sita, tukatia nyingine, tukafurahi. Asubuhi baba aliipanda, akaenda hatua chache, akashuka. Akauzungusha mkono wa pedali kwa kidole, taratibu, akiwa ameinamisha sikio. “Nani aliyeigonga?” Tulinyamaza. Hakuuliza mara ya pili, akapanda akaenda zake. Tangu siku ile baiskeli ilikuwa ikisaga, kwa sauti ndogo ambayo nadhari ya mtu mwengine haiipati, na sisi tulikuwa tukiisikia kila jioni inapoingia uani. Aliipanda hivyo mpaka nguvu zilipomwisha. Hatukumwambia kamwe.

Juzi pini zote mbili zilitoka, ya kulia kwa pigo moja, ya kushoto kwa matatu. Tukatandika kitambaa cheupe chini, maana gololi huwa hazina adabu zinapoachiliwa, tukalegeza ile pete ya kufungia ya upande wa kushoto, kisha kikombe cha kushoto kikatoka kwa mkono. Ekseli tulipoivuta tuliitia alama, kwani upande wake wa mnyororo ni mrefu kuliko wa pili na ni rahisi kuirudisha kinyume. Kikombe cha kulia hatukukigusa. Hicho hukazwa na kiwanda, na kikiwa kizima huachwa mahali pake kikasafishwa humo humo. Mwenye kulazimika kukitoa akumbuke kuwa hesi zake ni za kinyume: hufunguka kwa kuzungushwa upande ambao skrubu nyingine hukazwa. Sababu yake ni kwamba gololi zikibingirika ndani ya kikombe hukisukuma kidogo kidogo kizunguke, basi walioitengeneza wakaielekeza hesi mahali ambapo kupiga pedali hakutaifungua. Tumewaona mafundi wakining'inia kwenye spana wakidhani kikombe kimeshikwa na kutu, kumbe wao wenyewe ndio wanaokikaza.

Tukavitia vyuma katika mafuta ya taa. Kikombe cha kushoto kilipotakata, mpwa wetu alikichukua akakipeleka kwenye mwanga wa mlango. Njia ya gololi, ambayo yapaswa kung'aa kama ndani ya pete, ilikuwa na vishimo vitano vilivyopangana upande mmoja, vimepanuka na kumomonyoka kwa miaka. Akavipitisha ukucha. “Mjomba, babu aliwezaje kuiendesha hivi?”

Tulikuwa tumeinamia ekseli. Twakiri kwamba kwa muda mfupi tulitafuta jibu jingine, na majibu yalikuwepo: uzee wa chuma, barabara mbovu za zamani. Kisha tukamwambia. Tukamsimulia nyundo, rafiki aliyeshika fremu, na swali la babu yake ambalo halikujibiwa. Alitusikiliza, akakitazama kikombe tena, akasema, “Kumbe hata yeye alikuwa akisikia ko-ko.” Tukamwambia ko-ko ni ya pini, ile ilikuwa ya kusaga. Akacheka, nasi ikabidi tucheke.

Kikombe hicho hakikuwa cha kurudishwa. Kutafuta kingine kulitupotezea siku nzima, na hapa pana jambo la kuwaonya wenye Raleigh. Baiskeli za kipimo cha kawaida cha Kiingereza huwa na hesi 24 kwa kila inchi katika vikombe hivi. Za Raleigh zile za zamani zina 26. Unene wa kikombe wakaribiana sana, kwa hiyo kile kisichokuwa chake kitaingia mizunguko miwili mitatu vizuri, kisha kitakaza. Mwenye haraka atafikiri ni rangi au kutu, ataongeza spana ndefu, na hesi za fremu zitanyolewa. Duka la kwanza tulilokwenda muuzaji alituapia kwamba vyote ni sawa. Tulimwomba tu kikombe chake, tukakilaza ubavu kwa ubavu na chetu, hesi juu ya hesi, tukainua kwenye mwanga. Vyuma viwili vyenye hesi moja hukumbatiana kama meno ya juu na ya chini, mwanga haupiti. Hivi vilikuwa vimegusana mwanzo na vimeachana mwisho. Tukamshukuru tukatoka. Cha kufaa tulikipata kwa mzee mmoja anayeuza vyuma vikuukuu, katika kopo la maziwa ya unga, pamoja na pini za unene wa milimita 9.5 ambazo ndizo za baiskeli hizi. Kuna pini nyembamba za milimita 9, nazo zinafanana mno. Mwenye nazo hutia kipande cha bati ili zikaze, kisha hurudi kwa mchomeleaji baada ya wiki.

Kurudishia kulikuwa kwepesi. Gololi ni 11 kila upande, za robo inchi, mpya zote. Kuchanganya mpya na za zamani ni kuzionea mpya, kwani zitabeba mzigo peke yao. Grisi nyingi kikombeni, gololi zikaa ndani yake kama mbegu katika papai, ekseli ikaingia taratibu. Kikombe cha kushoto hukazwa mpaka ekseli izunguke bila kukwaruza na bila kucheza. Kisha ile pete hukazwa, na ikikazwa huvuta kikombe kidogo, hesabu ikaharibika, ukaanza upya. Mpwa wetu alianza upya mara nne. Mara ya tano aliishika ekseli kwa vidole viwili, akaizungusha, akafumba macho. Hakuna aliyemfundisha kufumba macho.

Pini mpya nazo haziingii kama zilivyotoka dukani. Uso wake bapa hupigwa tupa, sawa kwa pini zote mbili, mpaka ncha yenye hesi itokeze kiasi cha kupokea nati. Zisitiwe kuelekea upande mmoja: ukiuweka mkono wa kulia mbele na nati yake ikawa juu, mkono wa kushoto ulio nyuma nati yake na iwe chini. Ukikosea, pedali moja itakuwa imetangulia nyingine, na mpandaji atakwenda kama mwenye kuchechemea. Kisha hugongwa, na bomba likiwa chini yake tena. Nyundo ndiyo inayokaza pini. Nati kazi yake ni kuizuia isitoke tu, na mwenye kuivuta pini kwa kukaza nati atazikata hesi akabaki na pini isiyo na kichwa wala mkia.

Siku ya tano kijana alirudi kazini kabla ya jua kuchomoza. Baiskeli haikuwa na sauti yoyote. Tulisimama mlangoni tukamtazama akipotea njiani, tukaingia ndani tumejaa furaha ya watu waliofanya jambo. Furaha hiyo ndiyo iliyotusahaulisha. Pini mpya, hata ikigongwa vipi, hujilaza tunduni kwa uzito wa mpandaji, na baada ya siku ya kwanza au ya pili hubaki na nafasi ndogo kama unywele. Ni lazima igongwe tena na nati ikazwe tena, na mara nyingine baada ya wiki. Mwenye kuendelea kupanda ilhali imelegea huutafuna uso wa pini, na baadaye ekseli. Tulilijua hilo, na hatukumwambia.

Jioni ya siku ya pili tulisikia baiskeli ikikokotwa kwa mkono uani. Tulidhani tairi imepasuka. “Mjomba, imeanza,” alisema. “Kidogo tu. Nimeisikia pale darajani nikashuka.” Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka darajani na masanduku matupu ya mikate yamefungwa nyuma. Tukailaza pini kwa mapigo mawili, tukaikaza nati. Uso wa pini ulikuwa haujaguswa. Lau angeendelea kwa siku mbili zaidi, wa kulaumiwa tungekuwa sisi tena, katika mkono ule ule wa kushoto.

Siku nne za mikate tumezilipa. Dada yetu alizihesabu mbele yetu, noti kwa noti, akasema zimetimia, kisha akatupa kikombe cha kahawa. Kijana amefunga pini mbili za akiba katika kitambaa chini ya tandiko, na kipande cha bomba amekichukua kwao. Kikombe kilichotobolewa kimo mezani petu hapa, kimekunywa wino kidogo, twakitumia kuzuia karatasi zisipeperuke na upepo wa kaskazi.

Juma lijalo, inshallah, tutarudi kwenye matumizi ya nyumbani.